Mstari Ambao Mashine Haikuurudisha

Shemasi Jotham Gitonga alikuwa mtu wa kuitwa. Ukiletewa barua ya serikali yenye kurasa nane usizoelewa hata moja, unampigia Jotham. Mtoto akisimamishwa shule siku tatu, unampigia Jotham. Gari likikataa kuwaka katika baridi ya Januari unampigia Jotham vilevile, ingawa kuhusu magari hakujua zaidi ya kufungua boneti na kusikitika pamoja na mwenye gari. Kanisa lao la Kiswahili lilikodi ukumbi wa Walutheri kila Jumapili mchana, na ndani yake walikaa Wakenya waliokuja zamani kwa masomo na Wakongomani waliokuja juzi kwa ndege ya wakimbizi. Kati ya hao wa pili na karatasi za Marekani alisimama Jotham. Watu walimheshimu kwa hilo na, tuseme kweli, alipenda kuheshimiwa.

Kazi iliyomlisha ilikuwa Eagan, mji wa Minnesota, katika kampuni ya kutengeneza programu za kompyuta. Aprili ya mwaka 2017 meneja wake alimpa kazi ambayo wenzake waliikwepa. Zahanati kadhaa za mjini zilikuwa zikitumia programu ya zamani ya kuwaita wagonjwa: daktari akitaka mtu arudi, programu inatoa jina na namba ya simu, karani anapiga. Kampuni ndogo ya Woodbury iliyoiandika ilikuwa imekwisha kufa, kompyuta zake zikauzwa, na msimbo wake, yaani yale maandishi ambayo mafundi huyasoma na kuyasahihisha, ukapotea nazo. Iliyobaki ni programu yenyewe, iliyogeuzwa zamani kuwa lugha ya mashine. Zahanati zilitaka mpya itakayofanya kila kitu ilichofanya ile, na hakuna aliyejua ile ilifanya nini hasa.

Kwa hiyo kazi ilikuwa kuifumua, kama fundi cherehani anavyofumua shati ili ajue lilikatwaje. Kuna programu nyingine ya kufanya hivyo: unailisha ile ya zamani, inakurudishia msimbo unaosomeka. Haikurudishii wote. Masharti yanarudi, hesabu zinarudi, na ukiwa na bahati hata majina yanarudi. Lakini yale maneno ambayo mwandishi huyaacha pembeni kwa ajili ya binadamu mwenzake, kumweleza kwa nini amefanya hivi au kumwonya, hayarudi kamwe. Mashine haina haja nayo, na yanatupwa siku ileile programu inapogeuzwa.

Jotham alikuwa na sifa moja ya ziada. Mwaka 2010, alipotoka tu chuo, alikuwa mmoja wa watu sita wa ile kampuni ya Woodbury. Meneja alimwambia atakuwa kama anasoma barua zake mwenyewe za ujana, na wote wawili wakacheka.

Jumatano asubuhi, katikati ya majina ya Kiingereza ya vipande vya programu, akakuta neno moja la Kiswahili: Pepeta. Alitabasamu peke yake mbele ya kioo cha kompyuta. Alikuwa ameliweka yeye. Katika ofisi ile alikuwa Mwafrika pekee, hakuna aliyekagua kazi yake, na kipande kile kilikuwa cha kuondoa wagonjwa walioandikwa mara mbili, basi akakipa jina la kazi ambayo nyanya yake aliifanya kwa maharagwe kule Meru. Akaweka kikombe cha chai chini, akasoma.

Mistari ilikuwa tisa. Ilisema: ukikuta watu wawili wa jinsia moja, wenye tarehe moja ya kuzaliwa, wanaokaa jengo moja, hao ni mtu mmoja. Waunganishe, na ubakize namba ya simu iliyoandikwa mwisho. Majina hayakuulizwa kabisa.

Alikumbuka kwa nini. Majina yetu, makarani waliyachezea wapendavyo. Leo umeandikwa Jotham Gitonga, kesho Gitonga Jotham, keshokutwa Jonathan, na yeye mwenyewe aliwahi kuwa wagonjwa watatu katika zahanati moja. Basi kijana wa Meru akajiona ana akili kuwashinda Wazungu wote wa Woodbury: majina yanakosewa, tarehe ya kuzaliwa haikosewi. Alikuwa akiwahurumia watu wake. Alianza kwa huruma, hilo tumpe.

Halafu akaijaribu kwa orodha ya watu halisi, na watu wakaanza kumezana. Walikuwa wakimbizi. Mtu ambaye mama yake alihesabu miaka kwa mavuno akifika mbele ya afisa wa kambi hana tarehe, na afisa hana muda, basi anaandikiwa Januari mosi na mwaka wowote unaokaribia. Baba Januari mosi, mama Januari mosi, jirani Januari mosi. Wakifika Minnesota wanapangishiwa vyumba katika jengo moja ili wasaidiane. Kanisani kila mtu analijua hili. Kila mwaka mpya Wakongomani hukata keki moja kubwa ya siku ya kuzaliwa ya watu arobaini, wakacheka mpaka machozi. Jotham alilijua pia, Ijumaa moja ya Julai mwaka 2010, saa tisa alasiri. Pembeni mwa ile mistari tisa akaandika kwa Kiingereza: wakimbizi wote wamezaliwa Januari mosi, hii itawachanganya, rekebisha kabla ya kukabidhi.

Kisha akafunga kompyuta akaenda kula nyama choma kando ya ziwa, maana wenzake walikwisha kuwasha moto na walikuwa wamempigia mara mbili. Jumatatu akapewa kazi nyingine. Mwezi uliofuata programu ikakabidhiwa.

Sasa mistari tisa ilikuwa mbele yake, na pembeni mwake hapakuwa na neno. Mashine ilikuwa imerudisha kosa na kuacha onyo. Yeyote atakayelisoma atasema, maskini, mwandishi hakufikiria. Kwamba mwandishi alifikiria vizuri kabisa, akaandika, akaondoka, hakuna aliyelijua duniani ila Jotham.

Kitu cha kwanza alichohisi, na tusimfiche, kilikuwa nafuu. Cha pili kilikuwa Mama Goretti.

Goretti Mukandayisenga alikuwa mjane kutoka Masisi, Kongo, mwenye ugonjwa wa sukari, akikaa Hopkins katika jengo la ghorofa tatu ambalo nusu ya wapangaji wake ni watu wa kanisa. Mwaka 2015 jicho lake la kushoto lilikufa. Damu ilikuwa imevujia ndani kwa miezi, na zahanati ilikuwa imeiona mapema kwenye picha. Mwanawe Habimana alipouliza kwa nini hawakumwita, akajibiwa kwamba aliitwa: kompyuta inaonyesha alipigiwa, akapokea, akasema anakuja. Goretti akasema hakupigiwa na mtu. Habimana akamwita Shemasi aje asaidie.

Jotham alisaidia. Alikaa kwenye kochi la wageni, wajukuu wakanyamazishwa, naye akamwambia yule mama mbele ya watoto wake, "Mama, hii ndiyo kazi yangu. Kompyuta haina sababu ya kumsingizia mtu. Walikupigia, ukapokea, halafu ukasahau. Ama uliogopa. Lakini hapa Amerika huwezi ku-ignore simu ya daktari." Goretti alimtazama kwa jicho lililobaki. "Kama Shemasi anasema nilipokea," akasema, "basi nilipokea."

Tangu siku hiyo akaanza kujiogopa. Aliacha kuwasha jiko akiwa peke yake. Aliacha kuanzisha nyimbo kanisani, akasema atapotea katikati ya ubeti. Jambo moja aliliuliza mara tatu, kusudi ahakikishe hajalisahau, na watoto wakawa wanahesabu zile mara tatu. Habimana alichukua simu yake ili asipokee mambo mengine akayapoteza. Na sasa Habimana na mkewe, wote wawili wakifanya kazi za zamu, walikuwa wameamua kumpeleka katika nyumba ya wazee wanaosahau, upande wa pili wa mji, ambako hapangekuwa na mtu wa kumwambia hata habari za asubuhi kwa lugha anayoijua. Fomu zilikuwa tayari. Zilimngoja Jotham azijaze Jumapili baada ya ibada.

Alhamisi aliandika ripoti, na aliiandika vizuri. Alisema kipande hiki kinaunganisha watu tofauti, ni hatari kwa maisha, zahanati ziarifiwe leo hii. Meneja aliisoma akiwa amesimama, akapiga simu palepale, na kabla ya saa ya kutoka kulikuwa na watu wanne wakipekua orodha kutafuta wagonjwa waliomezwa.

"Umeokoa watu," meneja akamwambia. "Sijui mpumbavu gani aliandika kitu hiki. Unamkumbuka?"

"Tulikuwa sita," Jotham akasema.

Ilikuwa kweli tupu, walikuwa sita. Alirudi kwenye meza yake akijichukia, na wenzake wawili wakaja kumpa mkono.

Nyumbani alimweleza mkewe Kemunto wakiosha vyombo. Kemunto alikuwa muuguzi, Mkisii asiyejua kuzunguka jambo, na ndoa yao ilidumu kwa sababu mmoja wao alijua kuzunguka kwa niaba ya wote wawili. Alisikiliza habari ya jicho la Goretti akafunga bomba la maji.

"Na hiyo program nani aliandika?"

"Tulikuwa sita."

"Jotham, mimi nikimpa mgonjwa dawa ya mwingine, naandika jina langu kwa form kabla sijavua gloves. Siandiki tulikuwa sita."

"Basi ni mimi. Lakini hatukujua, Kemunto. Nani angejua?"

Kemunto alifungua bomba tena. Jotham akafuta sahani ileile mara mbili, akihesabu moyoni kwamba hadi sasa alikuwa amenyamaza tu, na kwamba neno hili la sasa ndilo lilikuwa uongo wake wa kwanza.

Jumapili alitaka kupata uhakika, au tuseme alikuwa akiomba aukose. Palikuwa na mama mmoja kanisani, Bernardine, wa jengo lilelile la Hopkins, ambaye karatasi zake zilisema Januari mosi 1960 sawasawa na za Goretti, na ambaye aliwahi kusimulia kichekesho fulani kuhusu zahanati. Ibada ilipokwisha Jotham alimkuta akigawa maandazi.

"Mama Bernardine, ile story ya macho yako ilikuwaje?"

Bernardine akacheka kabla ya kuanza, kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Yoo, Shemasi! Ile clinique inapenda macho yangu! Nilienda banipime, nikarudi nyumbani. Kisha banapiga simu: rudi mbio, docteur ameona kitu kwa picha. Nikasema sawa, nakuja. Naenda, ananiangalia, ananiangalia tena, anasema mama, macho yako ni mazima kuliko yangu!"

"Walikutaja jina?"

"Jina? Nani pale anaweza kusema jina langu? Banauliza tarehe ya kuzaliwa. Nikasema ndiyo, Januari mosi, ni mimi."

"Ilikuwa mwaka gani?"

"Ni ule mwaka jicho ya Goretti ilikufa," Bernardine akasema, akamwekea andazi mkononi, akamgeukia mtu mwingine.

Jotham aliendesha gari hadi Hopkins na lile andazi likiwa limebanwa kwenye usukani. Njiani alitengeneza maneno. Angemwambia Goretti kwamba mashine ilikosea. Hilo lingetosha: lingefuta aibu yake, lingezuia safari ya nyumba ya wazee, na lingekuwa kweli. Anayetaka kumjua mwandishi wa mashine aende akamtafute. Alipofika kwenye maegesho alikuwa amekwisha kujisamehe nusu.

Habimana alikuwa kazini, kwenye ghala huko Eagan. Goretti alikuwa peke yake, amevaa kitenge cha kanisani, chai tayari kwenye chupa na fomu zimepangwa mezani pamoja na kalamu. Alikaa wima kama mtu aliyekuja kuhojiwa ubalozini.

"Tuanze, Shemasi," akasema. "Habimana anataka zikamilike leo."

Jotham akamsomea maswali na kuyaandika majibu. Jina. Dawa. Anaoga mwenyewe? Anaoga. Anajua leo ni siku gani? Jumapili, akajibu Goretti, kisha akaangalia kalenda ukutani kuhakikisha, na Jotham akaona ule mtazamo na ukamchoma. Swali la kumi na mbili liliuliza kama mhusika husahau simu au miadi muhimu, na kama ndiyo, atoe mfano.

"Andika ile ya jicho," Goretti akasema kwa upole, kama anayemsaidia asione haya.

Jotham akaweka kalamu chini.

"Mama, hukusahau. Nimefungua ile kompyuta ya zahanati mimi mwenyewe wiki hii. Ilikuwa imekuchanganya na Mama Bernardine, kwa sababu ya ile Januari mosi na hili jengo. Walimpigia yeye. Ni yeye aliyepokea akasema anakuja. Mashine ilikosea."

Goretti aliinua macho kutoka kwenye fomu. Kisha akauliza polepole, "Njo kusema, maana yake, mi sikupokea?"

"Hukupokea. Hawakukupigia."

"Na sikusahau?"

"Hapakuwa na kitu cha kusahau, mama."

Aliinuka akaenda hadi kwenye sinki akasimama huko, mikono juu ya kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Jotham alidhani analia. Alipogeuka alikuwa analia na kucheka pamoja.

"Miaka mbili, Shemasi! Miaka mbili natafuta ile simu ndani ya kichwa yangu. Najiuliza, niliiweka wapi? Nilikuwa napika? Nilikuwa nalala? Kumbe haikukuwako!" Akaja akamshika Jotham mikono yote miwili. "Mungu akubariki. Wewe njo umetafuta ukweli. Tuombe."

Na akaomba, amesimama, kwa sauti ambayo Jotham hakuwa ameisikia kwake tangu lile jicho lilipokufa. Alimshukuru Mungu kwa kichwa kizima. Alimshukuru kwa Shemasi, mtumishi mwaminifu, asiyeacha wajane wapotee. Jotham alisimama ameinamisha kichwa, na kila neno jema lilimwingia kama mwiba. Laiti angemtukana. Kisha Goretti akasema, "Na yule aliyeandika ile mashine, Baba, umusamehe. Hakujua."

Akangoja amina.

Amina ni neno dogo. Jotham alikuwa amelisema mara elfu bila kufikiri, na mdomo wake ulikwisha kufunguka kulisema. Halikutoka. Goretti alifumbua macho.

"Shemasi?"

"Alijua, mama."

"Unajuaje?"

"Ni mimi. Niliiandika mimi, hata kabla hamjafika. Nikaona itawachanganya watu wa Januari mosi. Nikaandika pembeni kwamba nitarekebisha. Halafu nikaenda kula nyama."

"Nyama," Goretti akasema.

"Nyama choma. Marafiki walikuwa wananingoja."

"Na ile siku ulikaa hapa ukaniambia kompyuta haisingizii?"

"Siku hiyo nilikuwa nimesahau. Kweli nilisahau. Lakini Jumatano nilikumbuka kila kitu, na leo nilikuja nikitaka kukwambia mashine tu." Akajikuta amepiga magoti kwenye zulia, yeye Shemasi, miwani ikimteleza puani. "Nisamehe, mama. Jicho lako..."

"Inuka. Unachafua suruali ya kanisa."

Aliinuka. Goretti alikuwa amekaa. Alizichukua zile fomu akazikunja mara mbili, taratibu, akibonyeza mkunjo kwa ukucha, na watoto wa jirani wakasikika wakikimbizana kwenye korido kwa Kiingereza. Jotham alitamani azungumze, hata amfukuze.

"Kusamehe nitasamehe," akasema mwishowe. "Mungu atanidai, hawezi kuniacha. Lakini leo usiniombe ile kitu. Leo niache nifurahi kwanza kuwa mi siko mupumbavu."

"Ndiyo, mama."

"Pigia Habimana."

Jotham akapiga, akaiweka simu mezani kati yao ili wote wasikie. Habimana akapokea, na nyuma yake zikasikika kelele za mashine za kuinua mizigo.

"Habimana, ni Shemasi," Jotham akaanza, akisafisha koo. "Niko kwa mama. Sikiliza, ni kuhusu ile simu ya daktari. Ile kompyuta ya zahanati ilikuwa..."

Goretti akaifunika simu kwa kiganja chake.

"Hapana," akasema. "Usianzie kwa mashine."